Mahindi Yasiyo na Leseni

Nyie vijana mnaoanza kazi ya lishe, kabla hamjazunguka vijijini kufundisha watu namna ya kula, yatamkeni kwanza maneno yenu mbele ya bibi mwenye masikio mazito. Akielewa, nendeni. Asipoelewa, rudini mkatafute neno lingine. Mimi sikufanya hivyo, na kwa sababu ya neno moja nilitafutwa mtaa mzima wa Misunkumilo kama anavyotafutwa mwizi wa baiskeli.

Miaka ya tisini nilikuwa bwana lishe katika zahanati moja ya Mpanda. Hicho ndicho kilichokuwa cheo changu, ila hakuna aliyekitumia. Waliniita Bwana Uji. Mwanaume mzima, suruali imepigwa pasi, nasimama mbele ya akina mama na mwiko mkononi nakoroga sufuria. Wanaume waliokuwa wanapita na baiskeli kwenda stesheni walipunguza mwendo ili wanicheke vizuri. Mmoja aliniuliza kama nyumbani kwangu mke wangu ndiye anayepasua kuni. Nikamwambia ndiyo, na kuni zake hupasuka vizuri kuliko zako.

Basi nikapelekwa semina Tabora, nikarudi na neno jipya. Nilishuka kwenye treni nimelibeba kama mtu aliyenunua redio. Neno lenyewe ni laisini. Siku ya kliniki ya watoto nikapanda juu ya benchi, nikakohoa kidogo, nikasema, "Akina mama, tatizo letu hapa Mpanda ni kwamba mahindi yetu hayana laisini ya kutosha."

Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, naye akatikisa kichwa kwa masikitiko. Nikajua somo limeingia.

Lilikuwa limeingia kweli, ila halikuwa langu. Kufika jioni mtaa mzima ulishajua kuwa serikali imeleta mtu kutoka Tabora kukagua mahindi yasiyo na leseni. Watu wakaanza kuhamisha magunia. Mama mmoja akaenda kwa balozi wa nyumba kumi kuuliza leseni ya mahindi inapatikana wapi, na balozi, ambaye hakupenda kuonekana hajui kitu, akamwambia bado hazijafika, asubiri.

Bosi wangu alikuwa Mama Kalista, muuguzi mkuu wa zahanati, Mpimbwe wa kule kwenye mpunga, mnene wa mwili na mwembamba wa maneno. Habari hizo zilipomfikia alicheka mpaka akashikilia mizani ya watoto asianguke.

"Kesho sema maharage," akaniambia.

"Lakini Mama Kalista, kitaalamu..."

"Kitaalamu utapigwa. Sema maharage."

Niwaeleze nyie mnaosoma sasa, maana kuna wengine kati yenu mtaikariri hii laisini bila kujua inafanya nini. Nyama ya mwili, ngozi, mifupa, hata vile vikosi vya damuni vinavyopigana na magonjwa, vyote hujengwa kwa protini, na protini hujengwa kwa vipande vidogo vinavyoitwa amino asidi. Vingine mwili hujitengenezea wenyewe. Laisini hauwezi kuitengeneza. Ni lazima uile. Mahindi yanayo, lakini kidogo. Sasa fikiria fundi wa vigoda vya miguu mitatu. Ana vikalio rundo zima, ila miguu aliyo nayo ni mitatu tu. Atatengeneza kigoda kimoja, na vikalio vilivyobaki havitamkalisha mtu. Maharage yana laisini kwa wingi, na kile ambacho maharage yamepungukiwa, mahindi yanacho. Ndiyo maana makande si chakula cha shida kama watu wanavyosema. Bibi zetu walikutanisha vitu viwili vinavyokamilishana, nasi tukaja kuwacheka.

Turudi Misunkumilo. Kesho yake, kabla sijafungua mdomo kusema maharage, akafika Mzee Nsokolo.

Mzee Nsokolo alikuwa mkulima mkubwa wa mahindi, mwenye maghala mawili na sauti moja, ila sauti hiyo ilitosha nyumba tatu. Nyumbani kwake hakuna aliyempinga. Alifika na baiskeli, mbele amemkalisha mjukuu wake Anjela, mtoto wa miaka kama mitatu. Nyuma alifuata kwa miguu mkwewe Veronika, mama wa Anjela, mgongoni ana kichanga. Mume wa Veronika alikuwa porini Ugalla kwenye mizinga yake ya nyuki, kwa hiyo mkuu wa kila kitu pale nyumbani alikuwa mzee.

"Nani anasema mahindi yangu hayana leseni?" akauliza.

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Baba yangu alilima hapa kabla reli haijafika. Hakuomba leseni kwa mtu."

Nikaanza kujieleza, ila Mama Kalista alikuwa ameshanipita. Macho yake yalikuwa kwa mtoto. Alimshusha kwenye baiskeli, akamkalisha mapajani, akambonyeza unyayo kwa kidole gumba. Shimo likabaki palepale, kama umebonyeza unga uliokandwa. Uso wa mtoto ulikuwa wa duara na unang'aa. Nywele zilikuwa zimefifia, zimekuwa na rangi ya mabua, na Mama Kalista alipozigusa zilitoka bila mtoto kushtuka. Hilo ndilo lililonitisha. Anjela hakulia, hakumtafuta mama yake, wala hakumfukuza nzi aliyekaa mdomoni.

"Huyu anakula nini?" Mama Kalista akauliza.

"Anakula ugali mpaka anashiba," akajibu mzee. "Huoni alivyonenepa?"

"Ugali na nini?"

"Na mchuzi. Na majani. Maharage mimi siyataki nyumbani kwangu, hayo ni ya jela na ya shule za bweni."

"Baba, huyu hajanenepa. Amevimba. Hii ni kwashakoo."

Nyie hamkuwepo, hamjui neno hilo lilivyokuwa linachoma. Kwashakoo ulikuwa ugonjwa wa watu wasio na kitu. Kumwambia mwenye maghala mawili kwamba mjukuu wake ana kwashakoo, mbele ya benchi zima la wanawake, ilikuwa sawa na kumvua kofia na kuikalia.

"Nyumbani kwangu hakuna anayelala na njaa," akasema. Na hilo lilikuwa kweli. "Veronika, mpandishe mtoto, tunaondoka."

Veronika alianza kufunga upya khanga ya kichanga. Akaifunga, akaifungua, akaifunga tena. Mama Kalista alikuwa bado amemshikilia Anjela. Nikaona kabisa kwamba mzee akishaondoka na huyo mtoto, hatutamwona tena.

Sijui nilitoa wapi akili. Nikauliza, "Mzee, kuku wako wa kisasa hawajambo?"

Akasimama. Kila mtu Misunkumilo alijua habari za wale kuku. Aliagiza vifaranga Tabora, vikaja na treni kwenye boksi lenye matundu, akawa mtu wa kwanza mtaani kwake kufuga kuku wa kisasa. Alivitangaza mpaka kanisani. Lakini nilikuwa nimesikia kilabuni kwamba hawakui.

"Nani amekuambia?" akauliza taratibu.

"Wanadonoana manyoya?"

"Wanadonoana."

"Na wengine wamesimama pembeni wamejikunyata kama wazee kwenye baridi?"

Akaegemeza baiskeli ukutani. "Nawapa paraza, mahindi safi ya kuvunjwavunjwa. Hakuna kuku Mpanda hii anayekula vizuri kama wao. Nini kinawasumbua?"

Kuhusu kuku, vijana wangu, nilikuwa fundi wa kuwala tu. Ila kule semina mwalimu alitutajia kwamba wanaotengeneza chakula cha kuku huihesabu ile laisini kuliko tunavyoihesabu sisi kwa watoto wetu. Neno hilo lilinikaa, na siku ile likawa na kazi.

"Najua kinachowasumbua," nikasema. "Nitakuja kwako mwenyewe nikuonyeshe. Lakini na mimi nina langu. Veronika na Anjela wabaki hapa, mpaka Mama Kalista atakaposema waondoke."

"Kuku kwa mtoto?"

"Kuku kwa mtoto."

Akawatazama wanawake wa kwenye benchi, wote wakajifanya wanaangalia kadi za kliniki. Akanitazama mimi. "Wakifa hao kuku, nitakutafuta wewe."

"Utanikuta hapahapa, mzee. Na mwiko."

Akapanda baiskeli akaenda zake. Alipopotea kwenye kona, Veronika akakaa chini kwenye sakafu, akajifunika uso na khanga. Nikadhani analia. Kumbe anacheka.

"Bwana Uji," akasema, "mimi juzi nilikuwepo. Nilikuelewa vizuri sana. Ulisema laisini."

"Sasa leseni ilitoka wapi?"

"Kwa wengine sijui. Kwa baba mkwe niliisema mimi. Ningemwambia mtoto anaumwa, angesema amenenepa, anasema hivyo tangu mvua zianze. Nikamwambia kuna mtu zahanati anayatukana mahindi yake. Hata chai hakunywa. Nikamwambia basi mpakie na Anjela, akaone mjini."

Mama Kalista akamtazama yule msichana, kisha akanigeukia mimi. "Umeona? Wewe ulipanda juu ya benchi."

Sasa matibabu. Mtoto aliyevimba namna ile hapewi mlima wa maharage siku ya kwanza, atawafia mikononi. Mama Kalista alianza na maziwa yaliyochanganywa na sukari na mafuta, kidogokidogo, kijiko kwa kijiko. Maziwa yalitoka kwa wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Uji wa mchanganyiko ulikuja baadaye, mtoto alipoanza kumeza bila kulazimishwa.

Na uji huo, nyie mnaopenda kukaanga, nisikilizeni. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikaanga soya mpaka ikawa nyeusi tii, nikaisaga, nikaupika uji, nikampelekea Mama Kalista aonje. Akaonja. Akaniuliza, "Hii ni lishe au kahawa?" Mlinzi akaja akanywa vikombe viwili, akasema imemwondoa usingizi. Nilifikiri kosa ni ladha. Baadaye nikajifunza kwamba moto mkali huiharibu laisini, nayo ni ya kwanza kuumia chakula kikiungua. Kaanga mpaka rangi igeuke kidogo na harufu ije, basi, epua. Maharage nayo niliyajua kutoka kwa mama mmoja wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, maana Warundi wale maharage waliyajua kuliko sisi wote. Loweka, mwaga maji, chemsha mpaka yapondeke kwa vidole viwili, kisha yachekeche kutoa yale maganda, mtoto asije akaharisha.

Kwa Mzee Nsokolo nilienda kama nilivyoahidi. Tukaligawa banda katikati kwa mabanzi. Upande mmoja kuku waliendelea na paraza yao tupu. Upande wa pili tukawachanganyia paraza na maharage yaliyochemshwa na kupondwa, na dagaa wa Tanganyika waliosagwa. Mzee alipotaka kuwamwagia maharage mabichi ili kuokoa kuni, nikamkataza, maana maharage mabichi ni sumu, kwa kuku na kwa mtu.

"Kuku wanakula maharage," akanung'unika, "na mimi nilikula maharage jeshini nikaapa basi."

"Sijasema ule wewe, mzee."

Kule zahanati mambo hayakwenda kama tunavyosimulia kwenye semina. Kuna siku Anjela aliacha kumeza kabisa. Maziwa yaliingia mdomoni yakatoka pembeni. Veronika aliyafuta, akajaribu tena, yakatoka tena. Mama Kalista alimchukua mtoto, akamkalisha kifuani kwake, akawa anamdondoshea tone moja, anamsubiri, anamdondoshea lingine. Hakula chakula chake cha mchana. Alipokuja mtu kumwita, alijibu bila kugeuka, "Mwambie nina mgeni."

Mgeni akaanza kumeza. Kisha uvimbe ukaanza kushuka, na hapo ndipo nusura tumpoteze mara ya pili.

Mzee Nsokolo alitokea asubuhi moja amebeba tenga, anatabasamu mpaka masharubu yamepanda. Ndani ya tenga mlikuwa na kuku wawili, mmoja wa kila upande wa banda. Waliletwa na treni moja, boksi moja, lakini wa upande wa maharage alikuwa na kifua na manyoya yaliyojaa, na wa paraza tupu alikuwa kama kuku aliyenyeshewa.

"Bwana Uji," akaita kutoka mlangoni, "njoo uone."

Kisha akamwona Anjela. Maji ya uvimbe yalikuwa yametoka, na mtoto aliyebaki alikuwa mifupa na macho. Mashavu hayapo. Miguu kama fimbo za kuchungia mbuzi.

Tabasamu likaondoka. "Nilileta mtoto mnene," akasema. "Mmemfanya nini?"

Veronika akainama. Mzee akaweka tenga chini, akanyoosha mikono. "Nipe mjukuu wangu. Nipe tuondoke, kabla hamjammaliza."

Mama Kalista hakumpa, hakumnyima. Alimgeuza tu Anjela, akamwonyesha mgongo, mbavu zote zinahesabika. "Baba, yale yalikuwa maji," akasema. "Huyu ndiye aliyekuwa ndani. Siku zote ulipokuwa unaona unene, alikuwa huyu."

Kuku mmoja akakohoa ndani ya tenga. Mzee akaangalia chini, akamwona yule aliyekonda, akachuchumaa, akamshika kooni kama anayepima iwapo kuku ameshiba.

"Huyu naye," akasema, sasa kwa sauti ndogo, "kila jioni nampapasa, amejaa. Hajawahi kulala na njaa."

"Ndiyo, baba," akasema Mama Kalista.

"Alikuwa anashiba."

"Alikuwa anashiba."

Alikaa amechuchumaa pale muda mrefu. Mimi, ambaye nilikuwa nimetayarisha hotuba nzima kuhusu siku hii, pamoja na utani wa leseni, niliimeza yote. Sikilizeni hili pia, vijana. Mtu akishaliona jambo kwa macho yake, usimweleze.

Wataalamu wa leo watawaambia kwashakoo si habari ya kipande kimoja tu, kuna magonjwa, kuna kuharisha, kuna mengi. Wako sahihi. Hata wale kuku walipata zaidi ya laisini kwenye wale dagaa. Lakini siku ile sikuwa na haja ya kumweleza mzee yote hayo, na yeye hakuuliza. Aliuliza swali moja.

"Sasa mimi nifanye nini?"

Mama Kalista akampa bakuli na kijiko.

Basi Mzee Nsokolo akakaa kwenye benchi la akina mama, magoti yamebanana, kofia kapachika kwenye goti, akaanza kumlisha Anjela uji wa maharage. Na si siku ile tu. Akawa anakuja. Akina mama wakamzoea, wakaanza kumwachia nafasi yake karibu na dirisha. Wanaume wa baiskeli wakapunguza mwendo, wakamwona aliyekaa pale ni nani, wakaongeza mwendo. Yeye mwenyewe hakuwatazama. Alikuwa anapuliza uji, anaonja kwa ulimi kama una moto, anamlisha. Siku moja nilimkamata anaonja mara nyingi kuliko inavyotakiwa. Akasema anaangalia chumvi. Uji ule haukuwa na chumvi.

Anjela alikuwa anameza kila alichopewa. Anafungua mdomo, anameza, anatazama ukuta. Mwili ulianza kurudi, nywele zikaanza kuota nyeusi kwenye mashina, lakini bado alikuwa kimya kama mtu aliyeazimwa. Babu yake alikuwa anamwimbia, anamwita mchumba wake, kama mababu wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Hakuna jibu. Veronika aliniuliza pembeni kama akili nayo itarudi. Nikamwambia itarudi, na mimi mwenyewe sikuwa na uhakika.

Ilikuwa asubuhi ya kliniki, benchi limejaa. Mzee alimpelekea kijiko mdomoni kama kawaida. Anjela akafumba mdomo. Akakitazama kile kijiko, akamtazama babu yake usoni, kisha akakipiga kibao. Uji ukaruka, ukatua kwenye masharubu ya Mzee Nsokolo na kwenye kola ya shati lake.

"Sitaki," akasema Anjela.

Veronika akasimama nusu, mikono mbele, maana katika nyumba ile hakuna mtu, mkubwa wala mdogo, aliyewahi kumwambia mzee yule neno hilo. Hata Mama Kalista aliacha kuandika.

Mzee Nsokolo hakujifuta. Uji ulikuwa unamtiririka kwenye kidevu. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Sema tena, mchumba," akamwambia. "Babu hajasikia."

Anjela akakunja uso, akavuta pumzi, akalirudia neno lile kwa sauti ambayo ilisikika mpaka barabarani.